Kwa nini nyuso hugeuka kijani kando ya maua?

*"Shikamoo. Mimi ni mpiga picha wa harusi na send-off hapa Tanga. Siku nisizokuwa na kazi natengeneza mfululizo wangu mwenyewe: kinamama wa mtaani kwetu, kila mmoja na maua ya bustani yake. Nina kamera ya kawaida yenye sensa ndogo, lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo, na nyingine ya 50mm f/1.8. Nyuso zinatoka na ukijani, hasa nikiwaweka chini ya mwembe au kando ya bogenvilia. Mawaridi mekundu yanatoka kama doa, petali hazionekani. Nikilenga ua, uso unapotea. Nikilenga uso, ua linapotea. Nimeweka akiba ninunue lenzi ya 85mm f/1.4. Lakini rafiki yangu, naye mpiga picha, ananiambia niache kabisa, kwamba picha za mwanamke na ua zimepigwa mpaka zimechosha. Nifuate lipi?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Umeuliza mambo kadhaa, lakini naona linalokunyima usingizi ni hilo la mwisho, kama kazi yenyewe ina thamani au haina. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na ukijani, kwa sababu kosa unalomtupia lenzi si lake, na nisingependa akiba yako itoke kabla hujajua inakwenda kununua nini.

Unazungumzia ukijani wa chini ya mwembe na ule wa kando ya bogenvilia kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ni sababu mbili zilizo mbali kabisa, ila matokeo yake yanafanana.

Chini ya mwembe, mwanga wenyewe ni wa kijani. Klorofili iliyomo kwenye jani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, na kijani kinachosalia hurudishwa nje au hupenya upande wa pili. Mtu akisimama chini ya mti mkubwa hapati mwanga wa anga moja kwa moja. Anapata mwanga uliokwisha kugonga majani huku na huko, na nyasi zilizo miguuni nazo zinampandishia kijani kidevuni na chini ya pua. Wewe uliyesimama pale huoni, kwa kuwa ubongo unasahihisha: unamjua jirani yako kuwa ni maji ya kunde, basi unamwona maji ya kunde. Sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga, haimjui.

Kando ya bogenvilia hali ni kinyume. Mwanga unaomfikia usoni unaweza kuwa safi, hata umeelemea kidogo kwenye waridi. Tatizo linaanza pale unapoiachia kamera ijichagulie rangi, yaani ile alama ya WB (white balance, usawazishaji wa rangi) ikiwa kwenye AUTO. Kamera inatazama fremu nzima, inakuta zambarau nyekundu imejaa kila kona, inadhani mwanga wa mahali pale ndio wenye rangi hiyo, kisha inavuta picha yote upande wa pili ili isawazishe. Upande wa pili wa rangi ile ni kijani. Maua yanapoa kidogo, na uso ambao haukuwa na kosa lolote ndio unaolipa.

Kuzitofautisha ni rahisi. Mweke mama mahali pamoja, asisogee. Piga picha moja maua yakiwa yamejaa fremu, kisha msogelee upige uso peke yake bila hata ua moja. Rangi ya ngozi ikibadilika kati ya picha hizo mbili, kamera ndiyo inayokubabaisha. Ukijani ukibaki uleule, mwanga ndio mchafu.

Dawa ya kamera ni kuinyima uhuru. Chagua alama ya jua au ya kivuli na uiache hapo mpaka umalize, au tumia kadi ya kijivu: ashike kadi kando ya shavu, upige, uiambie kamera ile ndiyo kijivu ya mahali hapo. Ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, unaweza kurekebisha hili hata nyumbani. Dawa ya mwembe ni kuhama. Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu wengi huamini programu ya kuhariri itausafisha. Haiwezi kuusafisha vizuri, maana kijani hakiko sawasawa usoni. Kiko kwenye kidevu na shingo, wakati paji la uso limepata mwanga wa anga kupitia pengo la matawi. Ukikiondoa kidevuni, paji linageuka la waridi.

Uhamie wapi? Barazani. Nyumba zetu za pwani zimekupa studio ambayo wenzako wa kwingine wanailipia kodi. Mkalishe mama ndani ya kivuli cha paa, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, akitazama nje. Hapo mwanga unatoka upande mmoja, ni mpana, na ni wa anga. Kama mbele yake kuna ukuta uliopakwa chokaa unaopigwa na jua, una bahati kubwa: ukuta huo unamrudishia mwanga mweupe, laini, na machoni kunatokea kimeta kidogo kinachoupa uso uhai. Kama mbele kuna nyasi, tandika shuka jeupe juu ya nyasi hizo. Usitandike kanga yenye rangi, itampaka rangi yake. Kisha ua lifuate uso. Kata tawi moja kwa ruhusa ya mwenyewe, au leta chungu chenye maua barazani. Wapiga picha wengi humbeba mtu kumpeleka kwenye ua kwa kuwa ua ndilo zuri la kutazama. Matokeo yake ua linapata mwanga mzuri na mtu anapata makombo.

Ukishakuwa na mwanga huo, pima uso. Mita ya kamera haijui inatazama nini. Kila kitu inakifanya kijivu cha wastani. Ukijaza fremu kwa majani mazito ya kijani kibichi, itaongeza mwanga na kuupausha uso. Ukijaza kwa asumini nyeupe, itapunguza na kuutia giza. Weka upimaji wa nukta, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu ya fremu, elekeza kwenye shavu, halafu kwa ngozi nyeusi punguza nusu hatua hadi hatua nzima (kupunguza hatua moja ya mwanga ni kuukata nusu). Ndiyo, punguza. Najua mazoea ya harusi ni kuongeza mwanga ili bibi harusi "ang'ae", na baadhi ya simu zinaipausha ngozi bila hata kuombwa. Umbo la uso mweusi huonekana kwa ule mng'ao ulio juu ya shavu, kwenye mfupa wa pua, kwenye mdomo wa juu. Ukiongeza mwanga kupita kiasi, mng'ao huo unamezwa na uso unabaki bapa. Na uzuri wake ni kwamba ukimpima mtu namna hii, asumini iliyo kwenye nywele zake nayo inabaki na umbo, haiwi tundu jeupe.

Kumbuka pia kwamba vifaa hivi havikuanza vikitufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wenyewe waliziita kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Kamera za leo zimetoka mbali na hapo, lakini uamuzi wa ngozi ya mama wa Ngamiani hapo Tanga itoke vipi usimwachie mtu wa kiwandani. Ufanye wewe.

Sasa waridi jekundu. Sensa hurekodi nyekundu, kijani na bluu kila moja kivyake. Petali jekundu hurudisha nyekundu tupu, karibu bila kijani wala bluu. Kwa hiyo mkondo wa nyekundu unajaa hadi pomoni wakati ile mikondo mingine miwili bado iko chini, na grafu ya jumla ya mwanga inakuonyesha kwamba mambo ni salama. Si salama. Mkondo uliojaa hauna tena tofauti kati ya sehemu iliyoinuka ya petali na mkunjo wake, ndiyo maana unaona doa. Fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu inayoonyesha kila rangi kivyake, kwenye kioo cha kamera yako. Nyekundu ikiwa imegota ukuta wa kulia, punguza mwanga theluthi mbili za hatua, piga tena, angalia tena. Na unapohariri, mkono wako usiende kwenye kuongeza ukolezo wa rangi. Waridi jekundu linahitaji kupunguziwa ukolezo kidogo ndipo mishipa yake ionekane. Haibiskasi nyekundu ndiyo korofi kuliko zote. Ukiiweza hiyo, waridi halitakusumbua.

Lenzi, basi. Ulisema ukilenga kimoja kingine kinapotea. Hebu tuiangalie hiyo 50mm yako kwa hesabu. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kwa f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa), na sensa ndogo kama yako, kina cha sehemu inayoonekana wazi ni kama sentimita 3. Mama ameshika ua kifuani, ua liko sentimita 20 mbele ya macho yake. Haiwezekani. Ukifunga tundu hadi f/8, kina hicho kinakuwa kama sentimita 12. Bado hakitoshi kwa ua lililo kifuani, lakini kinatosha kabisa kama ua liko shavuni au sikioni. Rudi nyuma hadi mita mbili na kina kinaongezeka takribani mara nne. Kwa maneno mengine una njia tatu: leta ua kwenye usawa wa jicho, funga tundu la lenzi, au rudi nyuma. Ya kwanza ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu haikugharimu mwanga, na hukulazimisha utafute uhusiano wa ua na uso.

Hiyo 85mm f/1.4 unayoitamani ina kina chembamba zaidi ya ulicho nacho. Itaizidisha shida uliyoniandikia. Ni lenzi nzuri, sikatai. Inakuruhusu ukae mbali kidogo, na nyuma panayeyuka vizuri. Ukiwa unapiga sana harusi za jioni ukumbini, huenda ikajilipa huko. Kwa mfululizo huu, hapana. Ukitaka kutumia sehemu ya akiba, nunua pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani, bei yake ni ndogo, na zitaiwezesha 50mm yako kulikaribia ua mpaka uone chavua. Chagua zenye vidoto vya umeme ili tundu la lenzi liendelee kutii kamera. Ile 18-55mm itumie kuanzia 35mm kwenda juu kwa watu. Ukimsogelea mtu kwa 18mm, pua inatangulia.

Saa nazo zina neno. Jua la kwetu hupanda karibu wima, si kwa mshazari kama la Ulaya, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa kwenye mafunzo ya Wazungu kwetu ni wa muda mfupi. Kufika saa tatu asubuhi, jua lililo wazi limeshaanza kuchimba vivuli machoni. Baraza hukusaidia mpaka karibu saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi. Lakini ua nalo lina ratiba yake. Haibiskasi za kawaida huishi siku moja tu, huchanua asubuhi na jioni zimeshajikunja. Zipige saa moja. Asumini huchumwa ikiwa bado vitumba, alasiri, nayo hufunguka usiku, hivyo ukiitaka imechanua kichwani mwa mtu panga kikao cha magharibi au alfajiri. Bogenvilia hukungoja siku nzima, na hupendeza zaidi jua la saa kumi na nusu likitoka nyuma yake, kwa sababu vile vipande vya rangi ni vyembamba kama karatasi na mwanga hupenya. Vipande hivyo ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Lenga pale.

Nije kwa rafiki yako. Ana haki ya kuchoka, maana maua mengi tunayoyaona kwenye picha za watu yamewekwa kama pazia. Mtoe yule mtu, mweke mwingine, pazia linabaki vilevile na picha haipotezi kitu. Hicho ndicho kinachochosha. Kuhusu kwamba jambo hili limeshapigwa na wengine, hilo halikuzuii. Imogen Cunningham wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa akipiga picha za watu ili apate riziki. Alipokuwa akilea wanawe watatu California, na hawezi kutoka nyumbani apendavyo, aliigeuzia kamera bustani yake. Picha yake ya ua la magnolia ya mwaka 1925 bado inatazamwa leo. Yeye alilitazama ua kwa umakini uleule aliomtazamia mtu, akiufuata mwanga kwenye kila mkunjo. Halafu kuna Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alimpiga mwanamume mmoja aliyevaa koti jeupe na miwani ya fremu nzito, ameshika ua moja tu mkononi. Ua moja! Lakini namna vidole vilivyolishika inakufanya umtazame yule bwana kwa muda mrefu, ukijiuliza ni mtu wa namna gani.

Kwa hiyo kila kikao muulize mama swali moja kabla hujaondoa kifuniko cha lenzi: ua hili lilikujaje bustanini kwako? Mmoja atakwambia alipewa kitawi na mkwe wake. Mwingine anauza vikuba, vile vishada vya maua yanayonukia. Mwingine ataona haya, hapendi maua hata kidogo, aliyepanda ni marehemu mumewe na yeye anamwagilia tu. Huyo ndiye ningekimbilia kumpiga, na pengine ningempiga akimwagilia, ua likiwa pembeni. Jibu lake ndilo litakalokwambia kama ua lishikwe, livaliwe, au lipigwe peke yake na kuwekwa kando ya picha ya uso. Njia hii ya picha mbili pamoja naipenda sana kwako, kwa sababu inakuondolea ule ugomvi wa kulenga, mradi zote mbili zipigwe kwenye mwanga uleule na siku ileile. Kuzipandanisha picha mbili katika moja, uso ndani ya ua, ni ufundi mzuri lakini huficha mtu. Ningeuweka akiba kwa yule asiyetaka uso wake ujulikane.

Iko njia nyingine ambayo sijaona wengi wakiijaribu kwetu, na jua tunalo. Mwaka 1842 John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha majaribio yake ya kutengeneza picha kwa juisi za maua. Unaponda petali na spiriti kidogo, mbali na jiko, unachuja kwa kitambaa, unaipaka karatasi nene ya kuchorea ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, unaiacha ikauke. Juu yake unaweka picha ya uso iliyochapwa kwenye plastiki angavu, unaikandamiza kwa kioo, unaipeleka juani. Sehemu nyeusi za picha hukinga rangi. Sehemu nyeupe hupitisha jua na rangi inapauka. Ndiyo maana unatumia picha ya kawaida na si negativu. Petali nyingi huhitaji siku kadhaa, hata wiki. Manjano ya unga iliyolowekwa kwenye spiriti huweza kutoa picha ndani ya saa chache, kwa hiyo anza nayo ujifunze. Picha hizi hazina dawa ya kuzigandisha, zitaendelea kufifia zikikaa kwenye mwanga, hivyo zipige nakala mara moja na uzitunze gizani. Uso wa mama uliotokana na maua ya mkono wake mwenyewe si pazia la mtu yeyote.

Jambo moja la adabu, ingawa hukuuliza. Huku kwetu asumini na kikuba havivaliwi tu kwa kupendeza. Vina mambo ya ndani ya nyumba, ya mke na mume. Mama anaweza kukubali kupigwa navyo barazani akicheka na mashoga zake, kisha akafedheheka picha ikionekana na watu wa msikitini. Muonyeshe picha utakayoitumia, mwambie utaiweka wapi, na akisema hapana hata baada ya kukubali, iondoe.

Mwisho, yapo mambo mawili usiyoweza kuyamaliza kwa kusoma. Tanga ina unyevu na chumvi. Picha zako za kukabili jua zikiwa na ukungu usioelezeka, chukua lenzi usiku, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na usijaribu kuifungua mwenyewe. Mpelekee fundi wa kamera mapema, kwa sababu ikikaa hula rangi ya kinga ya kioo na hapo haitibiki. Lenzi nzima zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. La pili ni uchapaji. Kioo cha kompyuta yako kinaweza kuwa kinakudanganya kuhusu kijani, na hutajua mpaka uone karatasi. Chagua picha mbili, moja yenye ngozi na asumini, nyingine yenye ngozi na waridi jekundu, uende nazo mahali wanapochapa, uombe kusimama na mwendesha mashine wakati zinatoka. Mwambie asiguse kitu katika uchapaji wa kwanza, maana wengi hupausha ngozi kwa mazoea. Zitoe nje mlangoni uzitazame kwa mwanga wa mchana, na kama ngozi bado ina ukijani, niandikie tena uniambie ulipigia wapi na WB ilikuwa kwenye alama gani.